Tangi langu la matumbawe baada ya kilomita 1,500 za barabara

Siku ya tisa baada ya kufika Dallas nilitia mkono kwenye tangi kuligusa tawi la Acropora, tumbawe gumu la matawi, lililokuwa limepauka, na nyama yake ikabanduka yote kwa mara moja, ikaelea majini kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mkononi kilibaki kiunzi cheupe. Tumbawe lile nilikuwa nimelilea miaka minne, tangu likiwa kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Lilivumilia safari nzima kutoka Minnesota. Likafa nyumbani, kwenye maji niliyoyachanganya mwenyewe, siku ambayo amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na vitu vinavyooza, ilikuwa imeshuka hadi karibu sifuri nami nilishaanza kupumua.

Naandika kwa ajili ya anayejiandaa kuhama na tangi la maji ya chumvi, na zaidi kwa aliyekwisha kuhama na sasa anakesha akilitazama. Safari yetu ya siku mbili iliua kamba mmoja. Wiki nane zilizofuata, tangi likiwa limesimama pale pale sebuleni, ziliua matumbawe saba na samaki mmoja, na konokono ambao sikuwahesabu. Vifo vingi kati ya hivyo vilitokana na jambo nililolifanya kwa nia ya kuokoa.

Mimi ni mzaliwa wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini. Baba alikuwa mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, bahari ilipopata joto kupita kiasi, nilikuwa na miaka kumi. Baba alinipandisha mashuani maji yakiwa yamekupwa, nikainama nikaona mwamba mzima umekuwa mweupe. Nilidhani umechanua. Nilimwambia baba kwamba ni mzuri, na hakunijibu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba tumbawe lililozidiwa na joto huvifukuza vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake na kulilisha, na kwamba weupe ule ulikuwa njaa. Tangu hapo sijaweza kuliona tumbawe jeupe nikatulia. Nilipofika Minnesota na kukutana na majira ya baridi yasiyokwisha, nilianza na tangi dogo, kisha la galoni 75, yaani lita 284, na kwa miaka sita lilikuwa dirisha langu la nyumbani.

Machi 2022 nilipata kazi Dallas. Njia yenyewe haina utata: barabara kuu ya I-35 inashuka kutoka Minneapolis, inapita Des Moines, Kansas City na Oklahoma City mpaka Texas, kilomita kama 1,500. Kampuni nyingi za kuhamisha mizigo hazibebi viumbe hai, kwa hiyo tulikodi lori. Mume wangu akaendesha lori, mimi na binti yetu wa miaka tisa tukafuata na gari letu. (Kuvuka mpaka wa nchi ni jambo lingine kabisa. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na bila vibali hayavuki. Ulizia miezi kadhaa kabla.)

Kuna mambo tuliyafanya sawasawa. Samaki hatukuwalisha siku mbili kabla ya kuondoka, ili wasichafue maji njiani. Kila tumbawe liliwekwa kwenye kopo lake lenye maji, makopo yakapangwa ndani ya maboksi ya barafu, yale ya kubebea vinywaji, kwa sababu yanatunza joto kama yanavyotunza baridi. Samaki tuliwatia kwenye ndoo zenye vifuniko vilivyotobolewa, kila ndoo na pampu ndogo ya hewa ya betri.

Sikutaka kuwafungia kwenye mifuko, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa sababu inawahusu hata wanaopokea samaki kwa ndege. Samaki akifungiwa mfukoni saa nyingi, pumzi yake huyajaza maji kabonidayoksaidi na pH, kipimo cha uasidi wa maji, hushuka. Kwenye pH ya chini, amonia anayoitoa hubaki katika hali isiyomdhuru sana. Ukifungua mfuko, gesi ile hutoroka, pH hupanda, na amonia ile ile hugeuka sumu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo samaki aliyesafiri mbali ndani ya mfuko usimdondoshee maji tone tone kwa saa mbili ukidhani unamzoesha. Linganisha joto na kiwango cha chumvi, mtoe, na maji ya mfuko yamwage.

Maji ya zamani tulibeba ndoo tano tu, kama lita 95, na hilo halikuwa kosa. Bakteria wanaobadili amonia kuwa nitriti na kisha nitrati hawakai majini kwa wingi. Wamejishikiza juu ya mawe, kwenye mchanga na kwenye chujio. Hazina yako ni mawe. Nililijua hilo, nimelieleza watu mara nyingi, na bado mawe ndiyo niliyoyadharau.

Kilo 30 za mawe hai ziliingia kwenye ndoo nne, zikapanda lori pamoja na viti na magodoro. Nyuma ya lori hakuna joto. Tulilala Kansas City, tukafika hotelini saa sita usiku tumechoka hata kusema ni kazi. Ndoo za samaki na maboksi ya matumbawe tuliyapandisha chumbani, tukayachomekea hita na pampu. Mume wangu akauliza, "Na mawe?" Nikamjibu kwamba mawe ni mawe, yatavumilia usiku mmoja. Asubuhi kulikuwa na ukungu wa barafu kwenye vioo vya lori, na kipimajoto kwenye ndoo ya kwanza kilisoma nyuzi 11. Viumbe waliomo ndani ya mawe yale wanaishi nyuzi 25. Sponji, minyoo, vikamba visivyoonekana kwa macho, vyote vilikuwa vimelala humo usiku kucha bila mkondo wala hewa. Niliinusa ndoo, haikuwa na harufu mbaya, nikajifariji.

Kosa la pili lilikuwa mchanga. Miaka sita ya uchafu wa samaki ilikuwa imekaa chini ya mchanga ule bila kuguswa. Tulipouchota Minneapolis, tabaka la chini lilikuwa jeusi, likatoa harufu ya yai viza, ambayo ni haidrojeni salfaidi. Mchanga mpya wa kutosha ungenigharimu kama dola 90. Kwa gharama za kuhama nilizokuwa nazo wiki ile niliona ni fedha za kuokoa, nikaumimina ule wa zamani kwenye beseni la plastiki nikaubeba. Anayehama leo namsihi: mchanga wa zamani uache huko huko, chukua kikombe kimoja tu cha tabaka la juu kwa ajili ya mbegu ya viumbe. Ukishindwa kabisa kununua, uoshe mpaka maji yatoke safi.

Dallas tulifika Jumapili saa tatu usiku. Tangi la galoni 75 likijaa lina uzito wa karibu kilo 385, kwa hiyo nilikuwa nimekwishaomba chumba cha chini na kuuliza sakafu ni ya nini. Tuliweka pima maji juu ya meza yake, tukasawazisha, tukapanga mawe, tukamimina mchanga. Maduka ya samaki yalikuwa yamefungwa. Kama ningepiga simu wiki moja kabla, duka lingeniandalia maji ya chumvi yaliyokwisha kuchanganywa na yenye joto, na asubuhi ile ningekuwa mtu mwingine. Badala yake nilianza kuchuja maji ya bomba kwa mashine yangu ya utando, taratibu kama ilivyo kawaida yake, nikachanganya chumvi iliyobaki kwenye ndoo.

Hapa niseme jambo la kazi yangu. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Maji ya bomba ya miji mingi ya Marekani hutiwa kloramini, na kloramini ikimfikia mgonjwa kupitia mashine huvunja chembe zake nyekundu za damu; ndiyo maana kazini tunapima kabla ya kila zamu. Kwenye tangi ni vivyo hivyo. Mkaa wa chujio ukichoka, kloramini huupita, utando huharibika, na amonia yake huishia kwenye maji unayoyaita safi. Kabla ya kuhama badilisha mkaa, na ukifika pima maji yanayotoka kwenye mashine kabla hujayatia chumvi. Hilo nililifanya. Ndilo jambo moja ambalo siku zile halikuniumiza kichwa.

Jumatatu jioni amonia ilisoma miligramu 0.5 kwa lita. Jumanne ilisoma 1. Vilivyokufa ndani ya mawe kwa baridi ya Kansas City vilikuwa vinaoza, na mchanga ulikuwa unatoa ya kwake. Samaki walipanda juu wakihema. Kangaja wangu wa manjano, samaki anayetoka Hawaii lakini nikimtazama namwona kangaja wa kwetu, alijibanza pembeni rangi imemfifia. Nikaharakisha dukani, nikanunua ndoo ya chumvi waliyokuwa nayo, ya kampuni tofauti na niliyozoea, nikabadilisha asilimia 40 ya maji. Kesho yake nikabadilisha asilimia 40 tena.

Amonia ilishuka. Samaki walipona. Na mimi sikupima alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwenye amonia.

Chumvi hizi hazifanani. Yangu ya zamani ilitoa maji ya dKH 8 (dKH ni kipimo cha alkaliniti), na matumbawe yangu yalikua miaka yote kwenye 8. Hii mpya ilitoa zaidi ya 12. Ndani ya siku mbili alkaliniti ya tangi ilipanda mpaka 10.8. Siyo kwamba 10.8 ni sumu. Kuna watu wanaendesha matangi kwenye 11 na yanameta. Kinachoua ni mruko. Acropora iliyotoka kupigwa na amonia, joto linalopanda na kushuka, na siku mbili gizani, ikapewa na mruko ule. Mgonjwa wa figo anayeanza kusafishwa damu hatumsafishi yote siku ya kwanza. Kipindi cha kwanza ni kifupi na cha taratibu, kwa sababu damu ikibadilika upesi kuliko ubongo unavyoweza kufuata, ubongo huvimba. Nalijua hilo kwa moyo. Nimelikataa agizo la haraka mbele ya daktari kwa sababu hiyo. Nyumbani kwangu, kwa viumbe vyangu, sikulikumbuka mpaka nyama ya tumbawe ilipobaki ikielea.

Kama ningeanza tena ningefanya hivi: ningebeba chumvi yangu ya zamani ya kutosha wiki tatu, ningenunua chupa ya bakteria wa amonia kabla ya kuondoka, na ningemwomba mtu mwenye tangi zima Dallas anipe sponji ya chujio lake. Maji ningebadilisha kidogo kidogo, kila siku, nikipima alkaliniti ya maji mapya kwanza kabla ya kuyamimina. Kama amonia ingezidi kupanda, ningetumia dawa ya kuifunga ili samaki wapumue, lakini siyo kuyatoa maji kwa ndoo sita sita.

Wiki ya pili zilikufa Acropora mbili zilizobaki na Montipora moja, tumbawe jingine gumu. Nililia jikoni usiku ili binti yangu asinione. Mwenye kudhani ni kulilia mawe ajue kwamba vitu hivi nilivikata, nikavibandika, nikavisogeza sentimita mbili kufuata mwanga, mwaka baada ya mwaka, wakati nyumba yangu ya kweli ilikuwa umbali wa ndege tatu.

Katikati ya hayo tumbawe la ngozi, kubwa kama sahani, lilijifunga, likakunjamana na kutoa ngozi kama nta. Mume wangu alishauri tulitoe lisije likaoza na kuua mengine. Nililinusa, halikuwa na harufu, nikakumbuka kwamba matumbawe ya ngozi hubambua ngozi yakisumbuliwa, nikalielekezea mkondo wa pampu ili ile nta iondoke. Siku ya kumi na mbili lilifunguka, vikono vyake vyote nje. Tumbawe lililojifunga si maiti. Linalooza hunuka na kumeguka. Likiwa gumu na halinuki, liache. Na kama una zoa, yale maua madogo ya rangi, usiyasugue bila glavu na miwani, wala usichemshe jiwe lake kwa namna yoyote. Baadhi yake yana sumu kali iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewapeleka watu hospitali.

Nilimpigia baba simu Ijumaa ya wiki ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti nzito?"

Nikamweleza yote, amonia, chumvi, weupe. Hakujua amonia ni nini na hakuuliza. Aliuliza, "Leo mkono umeutia humo mara ngapi?"

"Mara nne."

"Dema ukilipandisha kila saa ukaangalie, utavua nini?"

Nikanyamaza. Akaniambia habari za mwamba wa 1998, jinsi walivyouacha sehemu nyingine bila kutega kwa miaka, na mpaka leo kuna pembe ambazo hazijarudi na pembe ambazo zimejaa, na yeye hajui kwa nini hizi na si zile.

Baada ya simu ile nilijiwekea sharti: badiliko moja kwa wiki, na lazima niliandike daftarini siku mbili kabla ya kulifanya. Jaribio la kwanza lilikuja upesi. Nilipeleka maji dukani yakapimwe, wakaniambia chumvi ni sehemu 32 kwa elfu, wakati kipimo changu cha lenzi kilisoma 35. Kilikuwa kimetikisika njiani. Kipimo kile hurekebishwa kwa kimiminika maalumu cha 35, chupa ndogo ya dola chache, na kingepaswa kuwa kitu cha kwanza kufunguliwa kwenye maboksi. Mimi wa wiki ya kwanza ningemimina chumvi usiku ule ule. Badala yake, kila maji yalipopungua kwa mvuke, niliyajaza kwa maji ya chumvi badala ya maji matupu, na ilichukua siku tisa kurudi 35. Hakuna kilichokufa.

Natamani ningesema kwamba hapo ndipo nilipopata akili. Wiki ya nne mwani wa nyuzi uliota juu ya mawe yote, na fosfeti, mojawapo ya virutubisho vya mwani, ilikuwa imepanda hadi 0.3. Hiyo ni kawaida kwa tangi lililovurugwa: kwanza vumbi la kahawia, kisha mwani wa kijani, kisha utando mwekundu, na kila kimoja hupita kama konokono wapo na mkono wako unautoa mwani taratibu. Lakini macho yalikuwa yamechoka na ubaya. Niliandika daftarini "kitoa fosfeti", nikangoja siku mbili kama nilivyojiahidi, nikakitia. Sharti nililifuata. Kipimo sikukifuata: niliweka kiasi kamili kilichoandikwa kwenye kopo, kinachofaa tangi lililokomaa, na ndani ya siku nne fosfeti ikasoma sifuri. Nitrati nayo sifuri.

Mwani ulikufa kweli. Mahali pake pakaja makamasi ya kahawia yenye mapovu, yanayotanda mchana na kutoweka usiku, asubuhi kidogo, alasiri yamefunika mchanga. Konokono walioyala walianguka chali. Niliyasafisha kwa mpira, yakarudi. Nikabadilisha maji, yakazidi.

Aliyenisaidia kuyatambua ni binti yangu. Alikuwa na hadubini ya plastiki aliyopewa siku ya kuzaliwa. Tulitia tone moja, na tukaviona vijidudu vyenye umbo la tone la machozi, kila kimoja kinazunguka papo hapo kana kwamba kimefungwa kamba kwenye nguzo. "Mama, vinacheza," aliniambia. Namna hiyo ya kuzunguka ndiyo alama ya Ostreopsis, mojawapo ya dinoflajeleti, vijidudu vya chembe moja. Hustawi pale tangi linapokuwa na njaa, wakati mwani na bakteria wengine wamekosa fosfeti na nitrati za kushindana navyo. Mimi ndiye niliyewafagilia uwanja. Na mabadiliko ya maji, ambayo ndiyo dawa ya karibu kila kitu kwenye hobi hii, hapa huwalisha.

Tiba yake ilikuwa kinyume cha kila nilichozoea. Nilikitoa kitoa fosfeti. Niliacha kubadilisha maji wiki nne. Niliongeza chakula, nikatia nitrati ya sodiamu kidogo kidogo mpaka kipimo kikasoma 5, na fosfeti nikaishikilia karibu 0.08. Kwa kuwa Ostreopsis huacha mchanga usiku na kuelea majini, nilinunua taa ya UV ya dola 180 na kuiwasha usiku maji yakipita ndani yake. Baadhi ya aina nyingine za dinoflajeleti hazielei hivyo na taa hiyo haizisumbui, kwa hiyo hadubini kwanza, hata ile ya mtoto. Ilichukua siku 26 mchanga kubaki mweupe mpaka jioni. Montipora ya pili na Euphyllia zangu mbili, nazo ni matumbawe, hazikufika huko.

Huku nikipigana na makamasi, sikuwa namtazama samaki wangu wa mandarini.

Mandarini ni mdogo, wa buluu na chungwa, anatembea juu ya mawe kama anayetafuta sindano. Anakula kopepodi, vile vikamba vidogo kuliko punje ya unga, mmoja baada ya mwingine, mchana kutwa. Kwenye tangi langu la Minnesota ningewasha tochi usiku na kukuta kioo kimejaa nukta nyeupe zinazorukaruka. Alikuwa na chakula chake mwenyewe na hakuhitaji mkono wangu. Usiku wa nyuzi 11 uliwaua kopepodi. Alikula waliobaki kwa wiki tano, na mimi nilimwona kila siku akidonoa mawe nikaamini anashiba. Nilipomtazama kutoka juu, wiki ya sita, ubavu wake ulikuwa umebonyea nyuma ya kichwa na mgongo umechongoka. Nilijaribu uduvi hai, nilijaribu mayai ya samaki ya kugandishwa, niliagiza chupa mbili za kopepodi hai. Alifariki kabla ya chupa kufika. Hilo ndilo ninalolirudia usiku, kwa sababu halikuwa ajali ya barabarani wala hesabu ya kemia. Alikuwa anakufa njaa mbele ya macho yangu, na ndoo za mawe zilikuwa nne tu. Zingeingia kwenye lifti kwa safari mbili.

Mwenye mandarini au samaki mwingine anayeishi kwa kopepodi, mfundishe kula chakula cha kugandishwa miezi kabla ya kuhama, au mwache kwa mtu mwenye tangi la zamani mpaka lako likae sawa. Chupa za kopepodi hai ziagize zifike siku ya kwanza, uzitie usiku taa na pampu zikiwa zimezimwa.

Fedha nilizihesabu mwezi wa tatu baada ya kuhama. Chumvi, vipimo, bakteria, taa ya UV, mchanga mpya niliokuja kuununua hatimaye, chupa za kopepodi: dola 870. Dola 90 za mchanga nilizoziokoa zimo humo ndani, nimezilipa. Matumbawe yaliyokufa sikuyapigia bei.

Mchanga huo mpya niliuweka mwezi wa nne, robo ya tangi kila wiki mbili, nikinyonya ule wa zamani kwa mpira. Taa nilikuwa nimezianzisha kwa nusu ya nguvu tangu siku ya kwanza na kuzipandisha asilimia tano kila wiki. Naamini zoa na tumbawe la ngozi walisalimika kwa sababu hiyo. Kangaja alirudia manjano yake. Mwezi wa sita rafiki wa kazini alinipa kipande cha Montipora, nikakibandika kwenye jiwe, nikakaa wiki tatu bila kukigusa. Kilianza kutambaa juu ya jiwe kwa ukingo mwembamba wa zambarau.

Kopepodi nilitia mara tatu kwa jumla. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwasha tochi usiku nikaona kioo kitupu. Mwezi wa kumi na moja, usiku wa Jumamosi, binti yangu alishuka kunywa maji, akawasha tochi ya simu kwenye kioo, akaniita kwa kunong'ona kana kwamba angewaamsha. Kioo chote cha kushoto kilikuwa na nukta nyeupe zinazorukaruka. Tulianza kuzihesabu kwenye eneo la ukubwa wa kiganja chake, tukaacha tulipofika sitini. Akaniuliza kama sasa tunaweza kumleta mandarini mwingine. Nilimwambia bado, tuziache zizaane mpaka mwakani.